Falmouth nje ya uzio, na siku moja katikati ya bahari

Mji wa Falmouth, kaskazini mwa Jamaika, ulianzishwa mwaka 1769, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupakia sukari na ramu kwenda Ulaya. Siku hizi bandari yake inapokea watu. Gati lililofunguliwa mwaka 2011, kwa ubia wa Mamlaka ya Bandari ya Jamaika na kampuni ya Royal Caribbean, lilijengwa kwa vipimo vya meli za kitalii zilizo kubwa kuliko zote wakati huo, zenye urefu wa mita 360 hivi na nafasi ya wasafiri zaidi ya 5,000. Meli kama hiyo ikifunga kamba asubuhi, mji mdogo unapata wageni wa kuujaza, na jioni wote wameshaondoka.

Mimi na mume wangu tulifika hapo mwezi wa Julai, katika safari iliyoanzia Florida. Tunaishi Marekani, lakini sote wawili ni watu wa Unguja, na nadhani ndiyo maana hatukuweza kuuona mji ule kwa macho ya mgeni kamili.

Ukishuka ngazi ya meli unaingia kwanza katika eneo la bandari lenye uzio. Humo mna maduka ya vito, saa, manukato na fulana, safi na yamepangwa vizuri, na hayatofautiani sana na ya bandari nyingine za Karibi. Wasafiri wengi huishia hapo, au hupanda mabasi moja kwa moja kwenda ufukweni au kwenye maporomoko ya maji, kisha hurudi melini kula chakula walichokwisha kukilipia. Mume wangu alitazama kidogo, akaniambia, “Mama watoto, dhahabu ipo hata Dubai. Twende mjini.”

Nje ya lango, hatua chache tu, mji wenyewe unaanza. Nyumba za karne ya 18 na ya 19 bado zimesimama, za mawe chini na mbao juu, nyingine zimekarabatiwa, nyingine zinaachia rangi na mabati. Katikati kuna uwanja unaoitwa Water Square, uliopata jina kutokana na tangi la maji lililojengwa hapo mwaka 1799. Wenyeji wanasema kwa fahari kwamba Falmouth ilikuwa na maji ya bomba kabla ya New York. Jirani yake lipo soko la Albert George, la mwaka 1894. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe atajua namna ya kutembea hapa: polepole, upande wa kivuli, huku ukisalimia.

Lakini kilichotupeleka mjini hasa ni kaburi. Katika uwanja wa kanisa la Kibaptisti amezikwa William Knibb, mmisionari Mwingereza aliyehubiri hapa kuanzia mwaka 1830. Watumwa walipoinuka Krismasi ya mwaka 1831 wakiongozwa na Sam Sharpe, wakoloni walilipiza kisasi kwa kunyonga watu na kubomoa makanisa, la Knibb likiwamo. Yeye alikwenda Uingereza kusimulia aliyoyaona, na ushahidi wa watu kama yeye ulisaidia kupitishwa kwa sheria ya kukomesha utumwa. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, lakini iliwafunga walioachwa huru katika kazi ya lazima kwa mabwana walewale, hadi mwaka 1838. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti mwaka huo, waumini wa Falmouth walikusanyika na Knibb, na baada ya saa sita ya usiku wakazika jeneza. Ndani yake walitia mnyororo, mjeledi na pingu ya shingo.

Nilisimama pale nikafikiria Mkunazini, mahali soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa juu yake. Sisi tulikuwa na karafuu, wao walikuwa na miwa. Ninaona uchungu kwamba maelfu ya watu hushuka mita mia chache kutoka kaburi lile na kuondoka bila kuambiwa kwamba lipo.

Tulikula kwa mama lishe mmoja karibu na soko: ackee na samaki wa chumvi, ndicho chakula cha taifa, pamoja na shelisheli la kuchoma kwenye mkaa. Ackee ni tunda lenye asili ya Afrika Magharibi. Likichumwa kabla halijapasuka lenyewe mtini ni sumu. Samaki wa chumvi aliletwa kutoka bahari za kaskazini kwa sababu alikuwa rahisi kulishia watumwa. Shelisheli nalo lililetwa na nahodha William Bligh kutoka Tahiti mwaka 1793, kwa kusudi hilohilo. Kwetu tunalipika kwa nazi. Wao hulichoma na ganda lake hadi liwe jeusi, kisha hulimenya. Limeiva vizuri hivyo, linanukia moshi, na mimi sasa nalipenda zaidi hivi kuliko la nyumbani.

Jambo moja la saa. Jamaika haibadilishi saa kwa majira, Florida inabadilisha. Kwa hiyo wakati wa kiangazi Falmouth iko nyuma ya Florida kwa saa nzima, na meli inaweza kuwa imebaki na saa ya Florida. Simu yako ikisoma saa tisa na nusu, melini inaweza kuwa saa kumi na nusu. Meli haimsubiri aliyetembea mwenyewe.

Siku iliyofuata ilikuwa ya bahari tupu, tukielekea magharibi kwenda Cozumel, Meksiko. Watu waliotuaga Florida walituambia siku hiyo huchosha. Haikutuchosha. Njia hiyo inapita juu ya bonde la Cayman, ambalo kina chake kinazidi mita 7,600: ukiutumbukiza Kilimanjaro humo, juu ya kilele bado kutakuwa na zaidi ya mita 1,700 za maji. Upepo wa Karibi hutoka mashariki karibu mwaka mzima, haugeuki kama kusi na kaskazi yetu. Siku ile ulikuwa unatusukuma kutoka tezi kwa kasi karibu sawa na ya meli, basi kwenye sitaha hewa ilisimama na joto likapanda. Tulikaa upande wa kivuli tukatazama samaki warukao wakichomoka mbele ya wimbi la omo. Mume wangu, ambaye kazini hapati muda wa kumaliza sentensi, aliongea asubuhi nzima juu ya babake aliyekuwa baharia wa jahazi. Mengine nilikuwa siyajui, na tumeoana siku nyingi.

Kwa wafanyakazi siku ya bahari ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa kila msafiri yumo ndani na anataka kula, kunywa na kufagiliwa. Wengi ni Wafilipino, Wahindi na Waindonesia, kwa mikataba ya miezi sita hadi tisa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaweka ukomo wa saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Soma tena tarakimu hizo ukiwa umekaa kitini na juisi mkononi. Watu hao wanastahili jina lao litajwe, salamu irudishwe na bakshishi itolewe bila kuvutana.

Kwa msomaji anayefikiria safari kama hii: kama unasafiri kwa pasipoti ya Afrika Mashariki, hakikisha viza yako ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukishuka Jamaika umeshatoka. Chukua dola ndogondogo. Weka saa yako kwa saa ya meli. Na meli ikifunga Falmouth, toka nje ya lango, ule kwa watu wa mji, na utembee hadi kaburini kwa Knibb.