Vijidudu vya Chakula na Namna Vinavyotafutwa

Katika nyumba zetu chakula kibaya hujulikana kwa pua na kwa macho. Maziwa yaliyoharibika hunuka, nyama iliyooza hugeuka rangi, na mama wa nyumba huimwaga bila ya kumtaka mtu shauri. Elimu hii ya jikoni ni njema na twaiheshimu, walakini haitoshi. Viko vijidudu viingiavyo katika chakula visitie harufu wala ladha mbaya, mlaji akala, akashiba, akashukuru, kisha ugonjwa ukamjia baada ya siku chache, au baada ya majuma mengi.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote tuijuayo umetokea katika bara letu hili hili. Tangu mwaka 2017 hata katikati ya 2018, watu 1,060 wa Afrika Kusini walithibitishwa kuwa na ugonjwa wa bakteria aitwaye Listeria, na 216 kati yao wakafa. Kama wanne katika kila kumi wa wagonjwa hao walikuwa watoto wachanga wasiotimiza hata mwezi mmoja. Watoto hao hawakula kitu; mama zao ndio waliokula wakiwa na mimba, na bakteria huyu hupenya akamfikia mtoto tumboni. Mama mwenyewe pengine haoni zaidi ya homa ndogo na maumivu ya viungo.

Madaktari walihangaika kwa miezi mingi kuitafuta asili yake. Tazameni uzito wa kazi hiyo: ugonjwa huu waweza kukaa mwilini hata siku 70 kabla ya kudhihiri, na ni nani kati yetu akumbukaye alichokula miezi miwili iliyopita? Wagonjwa 109 walihojiwa, na 93 wakasema walikula nyama za viwandani zilizo tayari kuliwa, hasa poloni, ile soseji nene ikatwayo vipande na kutiwa katika mkate. Maneno ya wagonjwa peke yake, hata hivyo, si ushahidi wa kutosha kufungia kiwanda.

Ushahidi ulikuja Januari 2018. Watoto wadogo tisa wa shule moja ya chekechea huko Soweto waliletwa hospitali wakiwa wagonjwa wa tumbo na homa. Daktari aliyewapokea alishuku, akatoa habari, na maofisa wa afya wakaenda shuleni wakafungua jokofu, wakatwaa poloni iliyokuwamo. Listeria akapatikana katika choo cha mtoto mmoja na katika poloni pia. Kutoka hapo wakafuata njia mpaka kiwandani, wakapangusa sakafu na mitambo kwa pamba, na vinasaba vya bakteria aliyepatikana humo vikalingana na vya wagonjwa walio wengi. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya akatangaza, na poloni ikaondolewa madukani. Twaona sisi kwamba daktari yule wa watoto, kwa kule kushuku kwake tu, aliokoa roho nyingi asizozijua.

Jambo moja katika habari hii lapasa kukaa katika vichwa vya wenye nyumba. Listeria hazuiliwi na jokofu. Bakteria wengine hulala katika baridi, yeye huendelea kuongezeka, ingawa polepole. Basi chakula kilichobaki tangu juzi, hata kikiwa baridi kama barafu, kipashwe moto mpaka kitokote mvuke ndani na nje, na mwenye mimba ajihadhari zaidi kuliko watu wote.

Sasa huyu asiyeonekana hupatikanaje? Hapa wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja wana haki ya kutabasamu, kwa kuwa nguzo ya kazi yote ni kitu wakijuacho: agari, ile itokanayo na mwani, igandishayo faluda ya mwezi wa Ramadhani. Zamani wataalamu wa Ujerumani walikuwa wakiotesha bakteria juu ya jelatini, nayo ikiyeyuka katika joto la mwili, na tena baadhi ya bakteria wakiila ikawa maji. Mwaka 1881 bibi mmoja, Fanny Hesse, mkewe daktari aliyefanya kazi katika maabara ya Robert Koch, alimshauri mumewe atumie agari, aliyokuwa akigandishia vyakula vyake vitamu. Alifunzwa na jirani aliyepata kukaa Java. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie joto la maji ya kuchemka. Koch akaitaja katika maandishi yake ya mwaka 1882, asimtaje bibi yule.

Mpaka leo kazi hufanywa vivyo hivyo. Akitafutwa Salmonela, kwa mfano, hupimwa gramu 25 za chakula, zikatiwa katika supu maalumu, zikawekwa usiku kucha katika joto la digrii 37 ili bakteria aliyedhoofika apate nguvu. Kisha huhamishwa katika supu nyingine iliyo kali, inayowazuia wengine na kumwacha yeye. Mwisho hupakwa juu ya sahani ya agari nyekundu, na Salmonela akiwamo, huota vidoa vyenye kiini cheusi. Ndipo vidoa hivyo navyo vipimwe tena kuthibitishwa. Kazi huchukua siku kadhaa. Siku hizi ziko mashine zisomazo vinasaba zinazopunguza muda huo, ingawa hata hizo kwa kawaida huhitaji bakteria aoteshwe kwanza. Na kwa chakula kilicho tayari kuliwa hukumu ni nzito: asionekane hata mmoja katika gramu zile 25.

Ama si kila kijidudu ni adui. Maziwa mgando ya bibi zetu ni kazi ya bakteria waigeuzao sukari ya maziwa kuwa asidi, na asidi hiyo huwafukuza wengi wa waharibifu. Katika hao wako waitwao probiotiki. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yaliwaeleza mwaka 2001 kuwa ni vijidudu vilivyo hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya afya. Yaangalieni masharti hayo: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida iwe imethibitishwa. Biashara nyingi za chupa ndogo ndogo husahau sharti la tatu.

Uthibitisho ukipatikana huwa mkubwa. Katika jimbo la Odisha, India, watoto wachanga 4,556 waligawanywa: wengine wakapewa kwa siku saba bakteria aitwaye Lactobacillus plantarum pamoja na chakula chake, wengine wakapewa unga usio na kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Katika kundi la pili asilimia 9 walipatwa na sumu ya damu au kifo. Katika la kwanza asilimia 5.4. Hata hivyo ni bakteria yule, kwa watoto wale. Mwingine wa jina lililo karibu asidhaniwe kufanya hayo hayo. Na anunuaye vidonge atazame vile vile ganda lake, maana jelatini ya maganda hayo mara nyingi hutoka kwa nguruwe au ng'ombe.

Karibu nasi zaidi iko habari ya suusac, maziwa ya ngamia ya Wasomali, yachachushwayo mabichi. Watafiti wa Uswisi na Kenya waliyachunguza wakakuta kwamba bakteria aliyetawala mara nyingi ni Streptococcus infantarius, aliyejizoeza na sukari ya maziwa, lakini ambaye jamaa zake hutajwa katika maradhi ya vali za moyo. Tena maziwa mabichi yaweza kuchukua homa ya brusela kutoka kwa mnyama. Njia inayopendekezwa ni kuyachemsha maziwa kwanza, kuyapoza, kisha kuyatia chachu iliyochaguliwa. Wafugaji wasishangae yakibaki mepesi: maziwa ya ngamia yana upungufu wa ile protini inayoyashika ya ng'ombe, kwa hiyo hayagandi mazito hata chachu iwe njema namna gani.