Mpendwa Wako Amefariki? Hivi Ndivyo Utakavyoshughulikia Pesa Zilizo Kwenye Simu Yake

Pole sana kwa msiba. Tunajua siku kama hizi akili haiko kwa simu wala makaratasi. Lakini kuna swali familia nyingi hujiuliza hata kabla ya mazishi: marehemu ameacha pesa kwa simu, na kuna mtu nyumbani anajua PIN yake. Je, tutoe tununue jeneza?

Jibu letu: tafadhali usitoe, hata kama nia ni njema. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kisha kuna undugu. Kila pesa ikitoka, saa na kiasi hubaki kwenye rekodi. Matanga yakiisha, watu wataanza kuulizana, na aliyetoa ndiye atakayeitwa mwizi.

Basi fanya hivi:

1. Hifadhi simu na laini. Familia ichague mtu mmoja wa kuikaa nayo. Usitupe laini wala kumpa mtoto achezee. Jumbe zinazoingia, za benki, SACCO, chama au bima, zitawaonyesha marehemu alikuwa ameweka wapi. Ziandike kwa daftari.

2. Tuarifu mapema. Piga simu kwa huduma kwa wateja ukiwa na jina kamili, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu ya marehemu. Tutaomba uthibitisho wa kifo, kisha tufunge akaunti ili mtu yeyote asitoe kitu. Pesa haziendi popote. Hatutakuuliza PIN, anayekuuliza ni tapeli.

3. Tafuta cheti cha kifo. Kama alifariki hospitalini, hospitali ndiyo hutoa taarifa ya kifo. Kama ni nyumbani, nenda kwa naibu wa chifu. Kibali cha mazishi ni cha kuzikia tu, hakichukui nafasi ya cheti. Cheti chenyewe unaomba kupitia eCitizen. Usikawie: kifo kisiposajiliwa ndani ya miezi 6, huhesabiwa kuwa kimechelewa na masharti huongezeka. Toa nakala kadhaa, maana kila ofisi itataka yake.

4. Pata idhini ya kurithi. Chukua barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha mwende kortini kuomba hati ya usimamizi wa mirathi. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Mali ikiwa kidogo, ulizeni pia ofisi ya Mdhamini wa Umma. Msimamizi akishapata hati, aje kwetu nayo, pamoja na cheti cha kifo na kitambulisho chake. Atalipwa kwa niaba ya warithi wote. Si pesa zake peke yake.

Mchango wa mazishi je? Usitumie nambari ya marehemu: akaunti ikifungwa, mchango nao utakwama humo. Chagueni nambari nyingine, watu wawili au watatu wajue hesabu, na mweke orodha wazi kwa grupu. Matapeli nao husoma matangazo ya vifo, kwa hivyo ukitumiwa "nambari mpya ya mchango", pigia mtu wa familia kwanza.

Na madeni? Mkopo wa marehemu hulipwa kutoka kwa mali aliyoacha. Mtu akikupigia akidai umlipe kwa nambari yake binafsi, kata simu uulize kampuni husika.

Na wewe unayesoma ukiwa mzima, leo jioni mwambie mtu unayemwamini una akaunti wapi na wapi. PIN baki nayo. Orodha hiyo fupi itawapunguzia watu wako mzigo mkubwa siku ambayo hutakuwepo kuwaeleza.

Poleni tena. Mkikwama, tupigieni.