Bahari Imetukasirikia?

Bamvua lililopita nilikuwa Paje kwa bibi, mkulima wa mwani. Akaniuliza: "Mjukuu wangu msomi, bahari imetukasirikia?"

Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Zamani bibi alifunga kotonii, yenye bei nzuri. Sasa anafunga spinosamu tu, bei yake ndogo, maana kotonii haivumilii joto: hugeuka nyeupe, hulainika, hukatika, kamba ikabaki tupu.

Joto limetoka wapi? Dunia inachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hewa ukaa inayotoka huzuia joto lisipande likapotea, na karibu asilimia 90 ya joto hilo la ziada humezwa na bahari. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa hiyo kwa mwaka. Basi deni kubwa ni la nchi tajiri, na tulidai bila ya haya.

Lakini na sisi tusijitoe. Mikoko tunayoikata na mkaa tunaopikia hapa mjini ni kazi ya mikono yetu.

Nasomea ualimu. Nikishika chaki, somo langu la kwanza litakuwa jibu la bibi: bahari haijakasirika, imechoka kubeba joto letu.