Kipakatalishi Si Mtoto wa Kupakatwa

Katikati ya mwezi wa Machi mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa kote nchini kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, wengi wetu tulio katika kazi ya kufundisha tuliagizwa tuiendeleze kazi hiyo kutoka nyumbani. Simkumbuki aliyetuuliza iwapo huko nyumbani palikuwapo mahali pa kuifanyia. Mimi nilikuwa na kochi. Juu ya kochi hilo, kipakatalishi kikiwa mapajani, nilitoa mihadhara ya fonolojia, nikasoma tasnifu za wanafunzi, nikahudhuria vikao visivyokwisha. Katika mwezi wa nne wa utaratibu huo, asubuhi moja, niliinama kufunga kamba za viatu nikashindwa kuinuka. Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita wakati huo, ndiye aliyenifunga viatu, kisha akanishika mkono kama anavyoshikwa mkongwe. Nilikuwa na umri wa miaka 41.

Sisi watu wa isimu tuna mazoea ya kulitafuta kosa katika maneno kabla ya kulitafuta kwingineko, na mara hii nadhani mazoea hayo yalinifaa. Aliyelibuni neno kipakatalishi alilijenga juu ya kitenzi pakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumshika. Neno ni zuri, nami huwahimiza wanafunzi wangu walitumie. Ila limebeba ushauri mbaya. Mtoto apakatwapo hujikunja kumfuata mama. Kipakatalishi hakijikunji, ni wewe unayejikunja kukifuata. Kioo chake na vibonye vyake vimeshikanishwa kwa bawaba. Ukikiweka chini ili mikono ipate raha, shingo huinama; ukikiinua ili shingo inyooke, mikono hubaki ikining'inia hewani. Huwezi kuviridhisha viungo hivyo viwili ila kwa kuvitenganisha vitu vyenyewe: kioo kiinuliwe hadi ncha yake ya juu ikaribie kimo cha macho, umbali wa kama mkono ulionyooshwa, na vibonye vya kando vinunuliwe, viwekwe chini mbele ya viwiko.

Mtaalamu wa tiba ya viungo niliyempelekea mgongo wangu hakuanza kwa kuniuliza panapouma. Aliniuliza hukaa kwa saa ngapi bila kuinuka. Nilimjibu kwa fahari ya msomi kwamba ni saa nne, pengine tano. Akatikisa kichwa. Baadaye niligundua kuwa swali lake lilikuwa la kale mno. Mnamo mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi yawapatayo watu wa kazi mbalimbali, na katika toleo la mwaka 1713 makarani na waandishi hakuwasahau: aliyataja madhara ya kukaa mfululizo, ya mkono unaorudia mwendo ule ule, na ya akili isiyopumzishwa. Halafu mnamo 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa katika gari moja, wakipita barabara moja, lakini dereva alikaa kutwa nzima ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Madereva ndio walioonekana kupatwa zaidi na maradhi ya moyo.

Katika Kiswahili kitenzi ni kimoja tu: mtu hukaa kitini, na mtu hukaa Nakuru. Kutokana nacho tumepata kikao, makao na mkaazi. Darasani huieleza polisemia hiyo kwa furaha kubwa. Nyumbani kwangu, hata hivyo, maana hizo mbili zilikuwa zimekuwa moja kabisa, kwani pale nilipokaa ndipo nilipokuwa nikikaa.

Nilipoweza kutembea sawasawa, nilifanya kosa ambalo nadhani wengi wamelifanya. Nilikwenda mjini nikanunua kiti. Kilikuwa kiti kikubwa cha ngozi, cha aina inayokaliwa na mameneja, na bei yake sitaitaja hapa kwa kuwa mke wangu husoma gazeti hili. Kilikuwa na starehe ajabu. Kwa sababu ya starehe hiyo nilikaa saa sita badala ya nne, na mgongo ukaniuma vile vile. Kalio lake lilikuwa refu mno kwenda nyuma, hivyo nikitaka kuegemea ilinibidi nilegee kama gunia, na nikikaa wima miguu haikufika sakafuni vyema. Hapo nilivikumbuka viti vya enzi vilivyoko Lamu, vile vyenye mgongo ulionyooka na kibao cha kuwekea miguu. Sisemi kwamba mafundi wa zamani walivitengeneza kwa ajili ya kusahihishia insha. Vilikuwa viti vya kumheshimu mgeni. Lakini aliyekiweka kile kibao cha miguu alikuwa amemtazama binadamu kuliko aliyeniuzia ngozi.

Kiti kizuri hakina budi kuanza na kipimo, na kipimo hakigharimu kitu. Kaa, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, magoti yakiwa yamekunjika kama pembe ya mraba. Teremsha mabega. Kunja viwiko vivyo hivyo, kisha umwambie mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza yako, si cha meza ya dukani, ambayo aghalabu hukaribia sentimita 75 na hutengenezewa mtu asiye wewe. Nilimpelekea fundi wa jua kali kipimo changu akanicheka kwanza, kisha akanikatia meza ya mbao za msonobari. Kile kiti cha ngozi nilikiuza kwa hasara. Sasa nakalia kiti cha mbao cha kawaida, chenye taulo lililokunjwa na kufungwa penye kiuno.

Kuhusu kukiinua kioo, desturi yetu ya pwani ilikwisha kulitatua jambo hilo. Msomaji wa msahafu hauweki sakafuni wala hauinamii. Huuweka juu ya marufaa, ukamjia machoni. Asiye na marufaa atumie vitabu vinene. Meza iwekwe ubavuni pa dirisha, maana ukiliegemezea dirisha mgongo mwanga utakurudia kutoka kwenye kioo, na ukilielekea litakupofusha. Anayeandika kwa mkono wa kulia apokee mwanga kutoka kushoto, ili asiandike ndani ya kivuli chake mwenyewe. Haya ni mambo madogo.

Kubwa ni kuinuka. Niliipanga upya afisi yangu kwa nia ya kuifanya isinistareheshe kupita kiasi. Maji ya kunywa yako jikoni. Simu naiacha karibu na mlango, na ikilia naipokea nikiwa nimesimama. Kamusi, ambazo mtu wa kazi yangu huzifungua labda mara thelathini kwa siku, nimezipanga kwenye rafu ya ukuta wa pili, hatua saba kutoka mezani. Nilidhani ningechoka na mpango huo baada ya wiki moja. Badala yake nimegundua kwamba katika zile hatua saba ndimo mara nyingi jibu hunijia. Aidha, penye kabati la vyombo nimeweka kreti tupu la soda, na juu yake naandika kwa nusu saa nikiwa wima. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa tangu asubuhi hadi alasiri ataniuliza, na ana haki, iwapo namtaka asimame na usiku pia. La. Miguu yake inamwambia kwamba kusimama mfululizo nako kuna maumivu yake. Dawa ni kubadili: aliyesimama akae, aliyekaa asimame, na wote watembee. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Wapo wenzangu wanaoyaona haya yote kuwa anasa za watu wa mji. Mmoja alinikumbusha kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ katika gereza la Kamiti mnamo 1978, juu ya karatasi za chooni. Ni kweli. Lakini waliomtia katika chumba kile hawakumtia ili aandike. Kuichukua hila ya mfungwa na kuifanya kipimo cha mwalimu aliye huru ni kuusifu ukuta. Mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja, kitanda kikiwa ndicho kiti na ndicho meza, nisingependa kumwambia kwamba hali hiyo inamkomaza. Ningependa apate ubao wa kuweka juu ya magodoro au ndoo mbili zilizopinduliwa, na mlango wa kutokea kila baada ya nusu saa.

Afisi yangu ilipokamilika nilimwita mke wangu aje aitazame. Naye ni mwalimu wa shule ya upili, na majira ya mitihani huja nyumbani na marobota ya insha. Aliitazama meza, akazitazama kamusi kule ukutani, akasema, "Daktari, hongera. Na mimi nitasahihishia wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo alikuwa akisahihishia kwenye meza ya kulia, baada ya sote kula na vyombo kuondolewa, au kitandani, karatasi zikiwa juu ya mto. Nilikuwa nikipita hapo nikienda kulalamika juu ya mgongo wangu. Na mnamo 2023, binti yetu alipoingia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa, nilimkuta jioni moja amelala kifudifudi sakafuni akifanya hesabu, kidevu kikiwa juu ya ngumi. Nilimuuliza kwa nini hakai mezani. "Baba, ile ni meza yako," akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayeitaja siku ya wiki.

Tuliandika ratiba tukaibandika ukutani. Ya kwanza niliiandika mimi, na msomaji atakisia ni nani aliyepewa saa za usiku wa manane. Ya pili aliiandika mke wangu. Kuanzia saa moja jioni hadi saa mbili na nusu meza ni ya binti. Kuanzia hapo hadi saa nne na nusu ni ya mama yake. Mimi naipata alfajiri, saa kumi na moja, wakati ambao nyumba ni tulivu na sina wa kumlaumu. Kwa kuwa kimo chake ni changu, wao huweka mto kitini na kibao chini ya miguu. Meza ya pili imeanza kutengenezwa. Fundi alipoletewa kipimo cha mke wangu hakucheka tena, alikiandika tu kwa penseli juu ya ubao: sentimita 64. Changu kilikuwa 69.