Mota ikinguruma bila kuzunguka, usiivute kwa mkono!

Ukitaka kitanda au kabati la kuagiza pale Keko, Dar es Salaam, huna haja ya kuuliza njia. Fuata harufu ya vanishi na kelele za mashine. Mimi nikiagiza kitu napenda kukaa palepale karakana nione mbao inavyopasuliwa. Si kwamba simwamini fundi. Haya, kidogo simwamini. Katika kukaa huko ndiko nimeona jambo ambalo mafundi wetu wengi wanalichukulia kiutani: zile sekunde mbili za kwanza mashine inapowashwa.

Si mnaijua ile mashine ya kupasulia? Meza ya chuma, msumeno wa duara umechomoza katikati, na chini mota yenye mkanda unaokwenda kwenye puli ya msumeno. Fundi akibonyeza swichi taa zinafifia, mkanda unalia “chwiii”, kisha mambo yanakaa sawa. Huko kufifia si uchawi, msomaji wangu. Mota ya aina hii ikianza hula umeme mara tano hadi saba ya ule inaokula ikishachanganya. Msumeno umelala, puli zimelala, na yeye ndiye wa kuviamsha vyote kwa mpigo mmoja.

Karakana za uchochoroni nyingi zinatumia umeme wa fezi moja, na hapo ndipo penye kasheshe. Umeme huo peke yake hauwezi kuiondoa mota iliyosimama. Unaisukuma huku na huku kwa nguvu sawa, nayo inabaki palepale ikinguruma kama nyuki ndani ya debe. Ndiyo maana imewekewa koili ya pili, ya kuanzia, pamoja na kapasita, lile kopo dogo lililobebwa mgongoni. Hivyo viwili ndivyo vinavyoipa msukumo wa kwanza wa kwenda upande mmoja. Ikifika kama robo tatu ya kasi yake, swichi ndogo iliyomo ndani inaachia yenyewe, “tak”, na koili ya kuanzia inapumzika. Mota ikizimwa na kukaribia kusimama, swichi hiyo inarudi mahali pake. Tega sikio siku moja utaisikia. Wenye fezi tatu hawana habari na mambo haya, mota zao zinajiondokea zenyewe. Sisi tubaki na walalahoi wenzetu.

Basi bwana, siku hiyo mashine ilinguruma tu. Kijana msaidizi, ambaye hata ndevu hajaota, akazunguka nyuma, akashika mkanda akauvuta kwa mkono. Mashine ikaitika, wuuu! Mwili ulinisisimka. Mkanda ukinasa kidole unakipeleka kwenye puli kabla hujasema “mama”, na msumeno wenyewe uko pale juu umekenua meno. Nikamuuliza mwenye karakana, akanijibu bila wasiwasi: “Kaka, ndio ulevi wake huo, mwezi wa tatu sasa.”

Miezi mitatu ya kucheza kamari na vidole vya mtoto wa watu! Na kibaya zaidi, mota ya hivyo haichagui upande. Ukiivuta kinyume, nayo inakwenda kinyume. Hapo meno ya mbele yanainua mbao badala ya kuikandamiza mezani, na nati inayoshika msumeno inaweza kulegea.

Kumbe fundi alishaambiwa na jamaa mmoja kwamba koili zimeungua, atafute pesa mota isukwe upya. Kusuka mota si pesa ya vocha, ndiyo maana kijana akageuzwa kapasita. Lakini hebu fikiri: mota inayokimbia vizuri ikishasukumwa, koili yake ya kazi ina kosa gani? Ugonjwa wake uko kwenye kuanza tu, yaani kapasita, ile swichi ya ndani, au koili ya kuanzia.

Fundi umeme aliyeitwa hakuwa na maneno mengi. Alivua mkanda, akaiwasha mota tupu. Ikanguruma vilevile. Palepale akajua si msumeno, si beringi, si mkanda. Akachomoa waya, akamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita, maana kopo lile linaweza kutunza umeme hata waya ukiwa nje (wewe usiliguse, mwachie anayejua), akaifungua mota. Vumbi la mbao lilikuwa limejazana kwenye ncha za swichi, hazigusani. Akasafisha, akafunga, akawasha. Ikaondoka kwa mara moja.

Kama ingekubali bila mkanda na kugoma na mkanda, angetafuta kwingine: beringi zilizokauka, kipande cha mbao kilichonasa, mkanda uliokazwa kupita kiasi, au umeme mdogo. Huu wa mwisho unawatesa wengi. Umeme wa 230 ukishuka hadi 184, mtu anaona umepungua moja ya tano tu. Nguvu ya mota ya kuanzia lakini inabaki kama asilimia 64! Ukiwa umevuta waya mrefu na mwembamba kutoka kwa jirani, unajipunguzia mwenyewe.

Halafu kuna wapenda kasi. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya inchi 6, na ya msumeno inchi 3, inakupa 2,880. Jamaa haridhiki, anabadilisha puli ili aongeze mara mbili. Akumbuke kwamba kuuamsha huo msumeno sasa ni mzigo mara nne kwa mota ileile, na msumeno wenyewe una kasi yake ya mwisho iliyoandikwa ubavuni.

Mkanda ukilia muda mrefu, umelegea. Ubonyeze katikati kwa dole gumba mashine ikiwa imechomolewa. Ukibonyea kama nusu inchi, inatosha. Na mota ikinguruma bila kuzunguka, zima hapohapo, usihesabu hata mpaka tano. Inakunywa ule umeme wote wa kuanzia, na feni yake ya kujipoza nayo imesimama.