Tovuti ya bei ipashwe moto kabla soko halijafunguliwa

Siku hizi bei ya mazao husafiri kwa mtandao. Dengu, mbaazi na ufuta huuzwa pia kwa minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), ambako mnunuzi wa Dar es Salaam hutoa bei bila kufika ghalani. Mkulima wa Zagayu, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, mwenye simu anaweza kujua bei kabla hajapakia gunia. Ukurasa usipofunguka, mwenye kusema bei ni mchuuzi aliyesimama mlangoni.

Mara nyingine kosa si la mtandao wa simu. Seva imezimwa usiku kwa matengenezo, ikawashwa, na asubuhi imepokea wateja ikiwa na kache tupu.

Kache ni sehemu ya kumbukumbu ya seva inayotunza majibu yaliyokwisha kutafutwa. Wa kwanza akiuliza bei ya dengu, programu huitafuta kwenye kanzidata. Wa pili hadi wa mia hupewa jibu lile lile kutoka kwenye kache, haraka zaidi na kwa kazi ndogo. Seva ikizimwa, majibu yaliyokuwa kwenye kumbukumbu hufutika.

Hesabu yake ni hii. Tuchukulie tovuti inapata maombi 1,000 kwa sekunde, na kanzidata inamudu 200. Kache ikijibu 90 kati ya kila 100, kanzidata hubaki na 100 tu. Kache ikiwa tupu, yote 1,000 huiangukia, mara tano ya uwezo wake. Wanaosubiri hubonyeza tena, na foleni hurefuka.

Hata wakubwa hupatwa. Septemba 23, 2010, Facebook ilikatika kwa kiasi cha saa mbili na nusu. Huko seva hazikuwa zimewashwa upya. Mpangilio mmoja wenye kasoro ulifanya maombi yaiache kache na kuikimbilia kanzidata kwa pamoja. Mafundi walilazimika kuifunga tovuti, kisha wakarudisha watu kidogo kidogo.

Dawa ni kupasha kache moto, yaani kuijaza kabla wateja hawajaingia. Hatua ni hizi:

1. Seva iwashwe upya wakati soko limefungwa, si dakika chache kabla ya mnada.

2. Fundi atazame kumbukumbu za maombi za siku zilizopita, aorodheshe kurasa zinazoulizwa zaidi. Kwa kawaida kurasa chache hubeba sehemu kubwa ya maombi.

3. Programu ndogo izifungue kurasa hizo moja moja, kwa mwendo wa pole. Zikiombwa zote kwa mkupuo, fundi mwenyewe ataizidia kanzidata.

4. Penye seva mbili, iwashwe moja huku nyingine ikihudumia.

5. Wateja waruhusiwe kwa mafungu, huku fundi akiangalia ni maombi mangapi kache inayajibu.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. Kwanza, bei iliyowekwa kwenye kache ni bei ya saa ile. Bei mpya ikitangazwa, ya zamani lazima ifutwe mara moja, ama sivyo ukurasa utafunguka haraka na kumdanganya muuzaji. Pili, kurasa za akaunti za watu, kama salio na malipo, zisiingizwe kwenye kache ya wote, kwani mteja mmoja anaweza kuonyeshwa hesabu za mwingine.

Kazi hii haihitaji mashine mpya. Chama cha ushirika au kampuni inayolipia tovuti ya bei imuulize fundi wake swali moja kabla ya msimu: seva ikiwashwa upya usiku huu, mteja wa kwanza asubuhi atasubiri sekunde ngapi? Jibu lipimwe, lisikisiwe.