Sauti ya Simu Si Stakabadhi

MNUNUZI wa vito wa Haneti, wilayani Chamwino, anajua kuwa akiki iliyotiwa rangi ya kijani inaweza kufanana na krisopresi halisi. Kwa hiyo halipi kwa kutazama tu, bali jiwe hupimwa kwanza. Tahadhari hiyo sasa inahitajika pia kwenye simu, kwani programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na sampuli fupi tu.

Masikio yanabahatisha

Mwaka 2024, watafiti Christine Skjegstad na Sascha Frühholz wa Chuo Kikuu cha Oslo waliwasilisha mjini Vienna matokeo ya jaribio lao. Watu 43 walisikiliza sauti za binadamu na za kompyuta. Za binadamu zilitambuliwa kwa asilimia 56, na za kompyuta kwa asilimia 50.5. Hiyo haipishani sana na kurusha sarafu.

La kumshtua mfanyabiashara ni hili: sauti ya furaha ya binadamu ilitambuliwa kwa asilimia 78, lakini ya kompyuta yenye furaha kwa asilimia 32 tu. Kwa maneno mengine, sauti ikichangamka tunaiona ya mtu. Tapeli naye hupiga simu akiwa mchangamfu.

Vipimo vya ubongo vilionyesha tofauti. Sauti za binadamu ziliamsha zaidi sehemu zinazohusika na kumbukumbu na kuhisi hali ya mwenzako. Za kompyuta ziliamsha sehemu za kugundua makosa na kuongoza umakini. Lakini tofauti hiyo haikutosha kumpa msikilizaji jibu sahihi.

Hasara iko wapi

Mwenye karanga au alizeti Haneti hupatana bei kwa simu na mnunuzi aliye Dodoma mjini au Kibaigwa. Sauti inayofahamika ikisema "namba imebadilika, tuma huku", mtaji wa msimu mzima unaweza kuondoka kwa dakika moja.

Msomaji azingatie yafuatayo:

• Ukiombwa fedha, kata simu. Piga mwenyewe namba iliyo kwenye daftari lako.

• Mkubaliane neno la siri mkiwa ana kwa ana, lisitajwe kwenye ujumbe wa sauti.

• Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa geni, simamisha malipo.

• Namba ya tapeli ipelekwe 15040, utaratibu uliowekwa na TCRA.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa biashara ya simu, daftari hilo sasa liwe pia na namba za wabia zilizohakikiwa, na malipo yafuate daftari, si sauti.